Cheti cha kufundisha Kiingereza: nani anakikagua?

Familia nyingi zilizokimbilia Uganda na Kenya zinakuta watoto wanasomeshwa kwa Kiingereza. Vijana waliosoma kwa Kifaransa nao wanatafuta cheti cha kukifundisha, na vyeti hivyo vinauzwa hata kwenye simu. Historia ya kimoja inafaa kujulikana.

Mwezi wa sita mwaka wa 1962, huko London, John Haycraft na mke wake Brita walianzisha mafunzo ya majuma mawili katika shule yao, International House. Wakati ule, mara nyingi kuzaliwa Mwingereza kulitosha kumfanya mtu mwalimu! Wao walitaka anayejifunza ualimu asimame mbele ya darasa la kweli.

Lakini shule iliyofundisha ndiyo hiyo hiyo iliyotoa cheti. Mwaka wa 1978 Royal Society of Arts ikachukua usimamizi, na mwaka wa 1988 ukapita kwa idara ya mitihani ya Cambridge. Jina CELTA lilikuja 1996. Leo mafunzo hayo yanadai saa 120 kwa uchache. Saa 6 ni za kufundisha watu wazima wanaojifunza kweli, na mkaguzi asiye wa shule hiyo anapitia kazi yao.

Walaghai wanakimbia hapo. Neno “kimataifa” yeyote analiandika, na kuna waliojiundia hata shirika la kujithibitisha wenyewe. Kabla ya kutoa dola, ulizeni: mkaguzi anatoka wapi, na darasa la mazoezi liko wapi?