Kipimo cha Usemi: Historia ya Tathmini ya Mazungumzo ya Wanafunzi katika Busia na Malaba

Busia na Malaba ni miji ya Kenya iliyo ukingoni mwa mpaka wa Uganda. Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, na tangu hapo mpaka wa serikali ukapita kati ya jamaa na jamaa: Wasamia wako huku na kule, na Wateso vivyo hivyo. Mwanafunzi wa huko aghalabu husema Kisamia, Kikhayo au Kiteso nyumbani, akasikia Kiganda sokoni, kisha akamjibu kwa Kiswahili dereva wa lori aliyetoka Mombasa. Ni dhahiri kwamba kusema si jambo geni kwake. Lililo geni ni namna usemi wake unavyopimwa. Makala haya yanakusudia kueleza kipimo hicho kilivyoanza, kilivyobadilika, na kilivyomgusa mzungumzaji wa mpakani.

Chanzo cha kipimo hicho kiko mbali na mpaka. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Kazi kubwa ya Kamati ilikuwa kusawazisha tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Usanifishaji huo basi ulihusu maandishi kwanza. Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita, kilichosanifishwa kwa ajili ya kalamu kilichukuliwa kuwa sheria ya ulimi pia, na lafudhi ya pwani ikahesabiwa kuwa ndiyo ufasaha wenyewe.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Busia alipoanza kupungukiwa. Katika lugha kadhaa za Kiluhya, sauti b, d na g hupatikana hasa baada ya sauti za puani; kwa hiyo neno gari huweza kusikika kama kari. Kiteso nacho hakina katika sauti zake za asili f wala z, na msemaji wake huzikaribisha sauti hizo kwa zile alizonazo. Haya si makosa ya uvivu wala ya ujinga. Ni athari ya lugha ya kwanza, nayo humfuata kila mwanadamu ajifunzaye lugha ya pili.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda njia nyingine. Gavana Gowers alipotaka mwaka 1927 Kiswahili kienezwe katika Uganda, alipingwa vikali, na Kabaka Daudi Chwa alikuwa miongoni mwa wapinzani. Watoto wa ukoo mmoja wakapata malezi mawili ya lugha: huku Kiswahili kikawa somo, kule kikabaki zaidi lugha ya askari na ya barabarani. Sura hiyo ya pili ilivuka daraja pamoja na biashara, na ikaingia darasani upande wa Kenya.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini mtihani wa kidato cha nne, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ulikuja kukipima Kiswahili kwa karatasi tupu: insha, lugha na fasihi. Mtahiniwa wa Kifaransa aliketi mbele ya mtahini akasikilizwa. Mtahiniwa wa lugha ya taifa hakusikilizwa na mtu. Hata fasihi simulizi, iliyopata nafasi shuleni baada ya wito wa Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba wa mwaka 1968, ilijibiwa kwa wino. Mwanafunzi aliorodhesha sifa za mtambaji bora pasipo kutamba hata hadithi moja.

Mahali palipobaki pa kusikilizwa ni jukwaa la mashindano ya muziki na tamthilia, ambako waamuzi hutoa alama kwa wakariri wa mashairi. Lakini mkariri hutoa maneno aliyoyahifadhi. Mzungumzaji huyaunda maneno yake papo hapo, akajibu swali asilolitarajia. Kipimo cha mmoja hakimtoshi mwenziwe.

Mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2019, umerudisha kusikiliza na kuzungumza mahali pa mbele, na mwalimu amepewa viwango vya matarajio. Katika Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022 katika eneo hilo la Busia, mawasilisho ya darasani nayo yana uzito. Swali la kihistoria linarejea: ni matarajio ya nani?

Tuseme mwanafunzi mmoja amezungumza kwa lafudhi tamu ya pwani bila hoja. Mwingine, wa Malaba, ameeleza kwa utaratibu jinsi shehena inavyovuka mpaka, akajibu maswali yote, lakini akasema kari. Mwalimu anayetanguliza lafudhi atamtuza wa kwanza, na wa pili atajifunza kunyamaza. Kunyamaza huko ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Walakini kumsamehe kila kosa nako ni kumdhulumu, maana bata akisikika kama pata, maana hupotea, na kesho atahitaji kueleweka Mombasa na Dar es Salaam.

Inafaa basi mambo yatenganishwe: hoja na mpangilio wake, sarufi na msamiati, kusikika, kuijali hadhira, na kujibu maswali, kila kimoja kwa alama zake. Matamshi yapunguziwe alama pale yanapoficha maana, na yarekebishwe kwa mazoezi pale yasipoificha. Vigezo hivyo vitangazwe kabla mwanafunzi hajasimama. Kiswahili kilifika Busia na Malaba kwa sababu watu walihitaji kuelewana. Kuelewana huko hakuna budi kuwe kipimo cha kwanza.