Krismasi ya Wasio na Makazi London: Huduma, Utaratibu na Mipaka Yake

Misaada ya Krismasi kwa watu wasio na makazi ni huduma za muda za chakula, malazi, tiba na ushauri, zinazotolewa hasa kati ya tarehe 23 Desemba na mwanzo wa Januari. Hutolewa katika nchi nyingi, lakini London ina historia ndefu ya kazi hiyo na utaratibu wake umekomaa. Makala hii inaeleza huduma hizo zinavyofanya kazi, na kwa nini thamani yake hupimwa kwa yanayotokea baada ya sikukuu kupita.

Nani hana makazi

Anayelala barabarani ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Kila mwaka, usiku mmoja wa majira ya vuli, halmashauri za England huhesabu au kukadiria watu wanaolala nje. Mwaka 2010 walikuwa 1,768. Mwaka 2017 walifika 4,751. Walipungua hadi 2,440 mwaka 2021, kisha wakapanda tena hadi 4,667 mwaka 2024. Hesabu ya usiku mmoja haimnasi aliyejificha kwenye ngazi za jengo, wala anayehama kutoka kochi la rafiki mmoja hadi la mwingine.

Kundi kubwa zaidi ni la walio katika makazi ya muda yanayolipiwa na halmashauri. Mwishoni mwa 2024 kaya zaidi ya 120,000 za England ziliishi hivyo, na ndani yake watoto zaidi ya 160,000. Baadhi ya familia hizo hukaa chumba kimoja cha hoteli kisicho na jiko, kwa hiyo hata wali wa sikukuu hawana pa kuupikia.

Kwa nini siku hizi ni ngumu zaidi

Baridi ni sababu moja, na usiku mrefu ni nyingine: mwishoni mwa Desemba jua la London huzama karibu saa kumi jioni na huchomoza baada ya saa mbili asubuhi. Sababu kubwa zaidi ni kalenda. Tarehe 25 Desemba treni za chini ya ardhi na mabasi ya mji hayatembei kabisa. Maktaba hufungwa, ofisi za halmashauri hufungwa, na vituo vingi vya mchana hufungwa au hupunguza saa zake. Mtu aliyezoea kupanda basi la usiku ili asinzie kwenye joto hukosa basi, na aliyezoea kuchaji simu maktaba hukosa pa kuichaji, hivyo hata namba ya kuombea msaada hawezi kuipiga.

Kalenda hiyohiyo, hata hivyo, huleta nafasi. Shule na vyuo huwa vitupu, hoteli huwa na vyumba, na maelfu ya watu wako likizo wakitafuta namna ya kusaidia. Huduma za Krismasi zimejengwa juu ya nafasi hiyo.

Historia kwa ufupi

Jeshi la Wokovu, lililoanzishwa London mwaka 1865, ndilo lililoeneza desturi ya kuchangisha fedha mitaani kwa chungu wakati wa Krismasi. Chungu cha kwanza kiliwekwa San Francisco mwaka 1891 ili maskini wapate chakula cha sikukuu. Kanisa la St Martin-in-the-Fields, katikati ya London, limekuwa likitoa wito wa msaada wa Krismasi kupitia redio ya BBC tangu 1927.

Novemba 1966 televisheni ya BBC ilionyesha filamu ya Ken Loach, Cathy Come Home, inayosimulia familia inayopoteza nyumba na hatimaye kunyang'anywa watoto. Filamu hiyo ilishtua taifa. Shirika la Shelter lilizinduliwa wiki chache baadaye, Crisis likafuata mwaka 1967 na St Mungo's mwaka 1969. Crisis ndilo lililojulikana zaidi kwa vituo vikubwa vya Krismasi. Kwa miaka mingi wageni walilala pamoja katika majengo ya kuazima, kama shule na maghala. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulizuia watu kurundikana ukumbini, shirika likahamishia wageni hotelini, kila mmoja na chumba chake. Vyumba hivyo vimebaki kuwa sehemu ya huduma hata baada ya janga.

Ndani ya kituo

Mgeni hupokewa mlangoni, huandikishwa, huonyeshwa bafu na hupewa nguo safi. Chakula hupikwa na watu wa kujitolea. Kuna kinyozi, daktari wa meno, mpima macho, na mara nyingi mhudumu wa miguu. Huyu wa mwisho huwa na kazi nyingi. Anayelala nje mara nyingi havui viatu usiku, akiogopa kuibiwa au baridi. Soksi zilizolowa hubaki mguuni siku kadhaa, ngozi hulainika na kuchubuka, na kidonda kidogo hugeuka maambukizi. Mhudumu huosha mguu, hukata kucha, hufunga kidonda, kisha humpa mgeni soksi kavu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika kituo kizuri jembe hilo ni meza ya mshauri wa makazi. Mtu aliyelala usingizi wa kutosha na kula mara tatu kwa siku ana utulivu wa kueleza historia yake, kukumbuka namba ya bima ya taifa, kuomba nakala ya cheti cha kuzaliwa na kujaza fomu ya posho. Chumba cha hoteli hurahisisha kazi hiyo, kwa kuwa mshauri anajua atampata wapi kesho.

Sheria na baridi kali

Sheria ya 1977 iliziwajibisha halmashauri kuwatafutia makazi wasio nayo, lakini ilitanguliza wenye watoto, wajawazito na wale walio dhaifu kwa umri au ulemavu. Mwanamume mzima asiye na maradhi mara nyingi aliambulia ushauri tu. Sheria ya 2017, iliyoanza kutumika Aprili 2018, iliongeza wajibu wa kumsaidia kila anayestahili kwa siku 56, awe na kipaumbele au asiwe nacho. Wahamiaji ambao viza zao haziruhusu kupokea fedha za umma huachwa nje ya wajibu huo. Wengi wao hutegemea mashirika, makanisa na misikiti.

Pembeni ya sheria kuna utaratibu wa dharura: utabiri ukionyesha nyuzi sifuri au chini yake, vitanda vya ziada hufunguliwa bila kuuliza masharti ya kawaida. Joto likipanda, vitanda hivyo hufungwa.

Mpita njia afanye nini

Jambo la kwanza ni kumsalimia mtu na kumuuliza anahitaji nini, kwa sababu huenda ameshapewa sandwichi tano na hana glavu. Anayelala nje anaweza kuripotiwa kupitia huduma ya StreetLink, ili wafanyakazi wa mitaani wamfikie. Akionekana hatarini kiafya, hupigiwa 999. Mashirika hupendelea fedha kuliko mizigo ya nguo, kwani nguo huhitaji kuchambuliwa na kuhifadhiwa.

Baada ya sikukuu

Takwimu rasmi za 2021 zilionyesha kwamba waliofariki England na Wales wakiwa hawana makazi walikuwa na wastani wa umri wa miaka 45 kwa wanaume na 43 kwa wanawake. Wiki moja ya joto haiwezi kurefusha maisha hayo, nyumba inaweza. Mgeni ambaye halmashauri inakubali wajibu wa kumsaidia tarehe 2 Januari atafikisha siku 56 mwishoni mwa Februari. Katika kipindi hicho atahitaji nauli ya kwenda miadi, simu yenye salio, mtu wa kumsindikiza ofisini na fedha za dhamana ya kodi. Wakati huo wengi waliojitolea Desemba wamesharudi kazini, na michango imepungua. Anayetaka kusaidia bila kufuata msongamano wa sikukuu atakuta kazi tele mwezi Februari.