Gobori na Kunguru wa Nyali

Kuna watu Marekani na Ulaya wanaojaza risasi zao wenyewe kwa kujifurahisha. Huokota maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, wakayasafisha, wakapachika fataki mpya, wakapima baruti kwa mizani ndogo kama ya sonara, kisha wakakandamiza risasi mdomoni mwa ganda. Wakimaliza huenda mashambani kuwalenga wanyama wadogo wachimba mashimo na wala mazao, na yote mawili wanayahesabu kuwa burudani. Kwa mkazi wa Nyali, Mombasa, mambo hayo yana sura ya ugeni mtupu, na pengine ya hatari, maana kwetu mtu akikutwa mezani na baruti na maganda ya risasi atakayemtembelea ni polisi. Lakini ugeni huo ni wa juzi tu. Katika bara inayokizunguka kisiwa cha Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Changamwe na Likoni, kujaza bunduki kwa mkono na kuua wanyama waharibifu kulikuwa kazi ya mwenye shamba aliyejaliwa kupata silaha. Kazi hiyo haikufa kwa sababu ufundi mpya uliishinda. Ilikufa kwa kibali: nani apewe, nani anyimwe, na mnyama gani aandikwe kuwa mharibifu.

Silaha hiyo mara nyingi ilikuwa gobori, bunduki ya kujazwa mdomoni mwa kasiba, nalo halina ganda wala chemba. Kila mpigo ni hesabu mpya inayofanywa kwa mkono. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na shura ndiyo inayochukua takriban robo tatu ya uzito. Mpigaji humimina kipimo chake mdomoni mwa kasiba, akatia kizibo cha kitambaa au nyuzi, akashindilia kwa mdeki, akaangusha risasi, akatia kizibo kingine ili isichuruzike akiinamisha bunduki. Risasi yenyewe aliweza kuisubu kwa kuyeyusha risasi ya bamba na kuimimina kwenye kalibu. Kwa nguruwe mwitu alihitaji tonge moja zito. Kwa ndege alitia marisawa. Baruti ikipungua, mnyama anajeruhiwa na kukimbilia kichakani. Ikizidi, kasiba inapasuka karibu na uso wa mpigaji. Wakati wa masika unyevu wa pwani huiingia baruti ikawa tope, na bunduki ya gumegume hutoa cheche bila mlio. Ukiyaangalia hayo, hekima ya anayejaza maganda ya shaba haizidi ya mwenye gobori. Kilichobadilika ni vifaa: fataki za Boxer wa Uingereza na Berdan wa Marekani, zote za mwaka 1866, zilihamishia kwenye ganda kile ambacho awali kilifanyika ndani ya kasiba. Hata mmisionari Krapf, ambaye kumbukumbu yake na ya mkewe Rosine ipo hapo Nyali upande wa Mkomani, alilitumia bomba la bunduki kwa namna ambayo ganda la shaba lisingemruhusu: katika safari yake ya Ukambani ya 1851, akiwa peke yake na kiu, alijaza maji kwenye kasiba na kuzifunga kwa nyasi.

Msomaji makini atapinga mapema. Bunduki za pwani, atasema, zililetwa kwa ajili ya pembe za ndovu, utumwa na vita, wala nguruwe wa shambani hakuwa katika hesabu ya mfanyabiashara yeyote. Kuhusu uagizaji yuko sahihi. Mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Sayyid Said uliruhusu bunduki, baruti na risasi kuuzwa bila kizuizi katika bandari zake zote isipokuwa kisiwa cha Unguja, ambako serikali pekee ndiyo iliyokuwa na haki ya kununua. Kufikia 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Idadi hiyo haikuletwa kulinda mihogo. Ila bunduki ina maisha marefu kuliko msafara ulioibeba. Msafara ukivunjika, mwenye nayo anarudi kwenye shamba lake, na shamba la bara ya Mombasa lilikuwa na maadui waliokuja kila usiku: nguruwe kwenye mihogo, nyani na kima kwenye mahindi. Dunguni alikaa mtoto wa kuamia ndege mchana na mtu mzima wa kukesha usiku. Bunduki iliyokwisha kulipiwa na pembe haikugharimu kitu zaidi ya baruti.

Ushahidi wenye uzito zaidi umo katika sheria za wakoloni wenyewe. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Ukaacha mlango mmoja: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, na baruti ya kawaida ya biashara, zikitolewa katika ghala za serikali. Kwa nini mlango huo uachwe, kama silaha mkononi mwa Mwafrika ilikuwa ni ya vita na utumwa tu? Waandishi wa mkataba walijua kwamba kulikuwa na matumizi ya kila siku ambayo wasingeweza kuyafuta. Walichofanya ni kuyafungia katika ufundi wa zamani. Lengo la mkataba huo, kukomesha utumwa, lilikuwa la kweli, na wakazi wa Freretown, hapo hapo Kisauni, waliotua kama watumwa waliokombolewa tangu miaka ya 1870, walikuwa na kila sababu ya kulifurahia. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa tabaka mbili za wapigaji. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wahandisi wake walipanda bara na bunduki za maganda ya shaba. Mmoja wao, Patterson, aliwaua simba wala watu wa Tsavo mwezi Desemba 1898 akiwa na silaha za aina hiyo. Mkulima wa Changamwe, ambako reli hiyo ilipita, aliruhusiwa kushindilia kwa mdeki, kisha akachekwa kwa kushindilia.

Na nani aliyeamua mharibifu ni yupi? Mkataba mwingine, uliotiwa saini London mwezi Mei 1900, ulikuwa na orodha ya wanyama wa kupunguzwa: simba, chui, fisi, mbwa mwitu, nyani, mamba, nyoka wenye sumu, hata chatu. Chatu, anayekula panya! Orodha ya aina hiyo inaeleza hofu za walioiandika kuliko hasara ya shamba. Cheo cha uharibifu kilipanda na kushuka kwa amri. Kati ya 1944 na 1946 huko Makueni, mwindaji wa serikali J. A. Hunter aliua karibu faru 1,000 ili ardhi isafishwe kwa makazi, na kazi hiyo ikaandikwa kuwa utawala. Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, chui wa kisiwani alisakwa kwa kampeni iliyochanganya ulinzi wa mifugo na vita dhidi ya uchawi.

Pingamizi la pili lina nguvu kuliko la kwanza. Wakulima wengi hawakuwa na bunduki kamwe. Walitumia mitego, mbwa, nyavu na mishale ya sumu, na Wagiriama walipopigana na serikali mwaka 1914 wengi wao walishika pinde. Nalikubali, na kwa hiyo sidai kwamba kila shamba lilikuwa na gobori. Ninachodai ni kuwa aliyekuwa nalo hakuwa mhalifu wala mtu wa burudani, bali mkulima mwenye chombo kimoja zaidi. Picha hiyo ilifutwa kabisa wakati wa Hali ya Hatari. Wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira, na tangu 1953 kukutwa na risasi moja bila idhini kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Ufundi wa kujaza ukawa, mbele ya sheria, nusu ya uasi. Tanzania, ambako historia ilikwenda njia nyingine, magobori yalibaki vijijini muda mrefu, na polisi wanaendelea kuwataka watu wayasalimishe.

Nchini Kenya, marufuku ya uwindaji ya Mei 1977 inatetewa kwa hoja ya ndovu, nayo ni hoja nzito. Lakini makadirio ya ndovu wa Kenya, yaliyozidi 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalishuka chini ya 20,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1980, na anguko hilo liliendelea baada ya marufuku, kwa bunduki za rashasha. Mwenye gobori hakuhusika na kiwango hicho cha mauaji. Hakuwa na kasi hiyo hata kama alikuwa na nia.

Nyali yenyewe ilikuwa shamba kubwa la katani kabla ya kuwa mtaa wa majumba na hoteli, mabadiliko yaliyoharakishwa na daraja la kuelea la 1931 na lile la zege la 1980. Nguruwe walikwisha ondoka na vichaka vyao. Kima wamebaki, wakiingia jikoni mwa watu, na sheria inawalinda. Mharibifu mkuu sasa ni kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, akaonekana Mombasa mwaka 1947, na leo anakula vifaranga, mayai ya ndege wa asili na chakula cha mezani hotelini. Mwezi Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja pwani kabla ya mwaka kwisha, kwa sumu ya Starlicide iliyokuwa imetumika pia zaidi ya miaka 20 kabla. Risasi haikufikiriwa, na kwa haki: risasi ya bunduki ya mifuo husafiri kilomita kadhaa, na Nyali haina mahali pa kuipokea isipokuwa ukuta wa jirani. Mjazaji stadi wa Marekani angekataa kupiga hapo pia. Lakini sumu nayo imekuja kwa utaratibu uleule wa ghala la Brussels: leseni ya kuiingiza iko kwa wachache, jina la mharibifu limeandikwa ofisini, na anayefuga kuku Kisauni, ambaye vifaranga wake ndio hoja ya mradi mzima, hana la kufanya ila kuwafunika kwa wavu na kungoja zamu yake.