Mvinyo mkongwe wa Italia na pwani yetu

Wiki hii programu zipumzike kidogo, wasomaji wangu, tuzungumze historia. Msije mkadhani nimehama fani: swali ni lile lile la kitu gani kinahifadhika na kipi kinaharibika.

Kuna kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ni kama mwongozo wa mtumiaji: bandari ipi, bidhaa gani, safari lini. Mwandishi anasema Adulis, katika Eritrea ya leo, ilipelekewa mvinyo kidogo wa Italia na wa Laodicea ya Shamu. Barygaza, kule India, walipendelea hasa wa Italia. Akifika pwani yetu, anayoiita Azania, anataja mikuki, shoka na visu. Halafu mvinyo kidogo na ngano, si vya kuuza, bali vya kujipatia urafiki na wenyeji. Kumbe kitu kidogo kina karibu miaka 2,000! Kwale haitajwi, wala hasemi mvinyo huo ulikuwa wa Italia. Vyombo vilitoka Muza, Yemen, ambako wenyewe walikuwa na mvinyo wao. Basi tusijipambe.

Waroma nao walikuwa na ugonjwa wa kusifu ukongwe. Mavuno ya mwaka 121 KK, Opimius akiwa konsuli, yalitunzwa zaidi ya miaka 100 na kuuzwa kwa bei za ajabu. Pliny anaandika kwamba yalikuwa yameganda kama asali chungu, hayanyweki peke yake, yanatumika kukolezea mvinyo mwingine. Sifa zilibaki, kinywaji kikaondoka!

Huku Kwale mambo ni kinyume. Mgema hupanda mnazi na kotama yake asubuhi na jioni, na tembo huanza kuchacha humo humo kibuyuni, kwa hamira ya hewani. Asubuhi ni tamu, jioni ni kali, siku chache baadaye ni siki. Hakuna cha kuweka akiba. Barolo, mvinyo mwekundu wa Piemonte, kwa sheria hukaa angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao. Unalindwa na uchachu, kileo cha kutosha, na ule ukakasi wa maganda ya zabibu. Lakini unataka ubaridi wa nyuzi kama 13. Kabati la Diani halina habari hiyo.

Mwaka 2008 watafiti wa California waliwaonjesha watu 20 mvinyo ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Mvinyo ule ule ulipotajwa kuwa wa dola 90 badala ya 10, waliusifu zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikachangamka kweli.

Nilikumbuka hayo rafiki yangu wa Diani alipofungua Barolo ya 2004 aliyopewa zawadi. Tulikuwa watano, tumesoma kuhusu harufu ya waridi na lami, tumenyamaza kama tuko mtihanini. Rangi ya tofali, sawa. Harufu ya zabibu kavu zilizopikwa. Joto lilishamaliza kazi. Hata hivyo wanne tulitikisa vichwa kwa heshima. Mjomba wake, mgema mstaafu wa Msambweni, alionja mara moja akauliza hii ni ya siku ya ngapi. Yeye hakuwa ameambiwa bei.