Mzee anajisikiaje? Nani aliulizwa?

Mwaka 1949 Karnofsky na mwenzake, madaktari wa New York, walichapisha kipimo cha hali ya mgonjwa wa saratani, 0 hadi 100. Aliyejaza ni daktari! Mgonjwa anaangaliwa tu. Hadi 1993 ndipo watafiti wa Ulaya wakatoa QLQ-C30, maswali 30 anayojibu mgonjwa mwenyewe. Baadaye wakaongeza ya tezi dume. Mkojo unavuja? Tendo la ndoa je?

Sasa mfikirie mzee wa Kongwa akimjibu hayo nesi aliye rika la binti yake. Simu ingemsitiri, sivyo? Tumeshajaribu: Ocean Road, Dar es Salaam, ilikusanya dalili za wagonjwa wa saratani waliorudi nyumbani kwa programu ya simu, matokeo yakatoka 2021. Kwa mtu wa Dodoma, hizo ni kama kilomita 450 za safari zinazookolewa. Ila maswali yalikuwa ya African POS: saba ya mgonjwa, matatu ya ndugu anayemuuguza. Maumivu, wasiwasi, amani moyoni. Kwa tiba shufaa yanafaa kweli, lakini mkojo na unyumba hayavitaji. Halafu simu yenyewe, mara nyingi anayeishika ni mjukuu.