Flashi ya Bungu

Wadau, kimya changu kina sababu. Juzi nilikuwa Bungu, barabara ya Kilwa. Nikachomeka flashi kwenye steshenari moja nichapishe mahojiano yangu na wazee. Kurudi Dar, mafaili yote yamegeuka njia za mkato!

Nikakumbuka tulikotoka. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, tukachelewa kuizoea. Kirusi cha Conficker kilipozuka Novemba 2008, Microsoft walishatoa kinga Oktoba. Lakini kinga ilipakuliwa kwa intaneti, na yetu ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mkongo wa Seacom ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo flashi ndiyo ilikuwa daladala yetu, na virusi vilipanda bila nauli.

Leo mkongo upo, uzembe ni uleule. Jamani, sasisheni programu, skanini flashi kabla ya kuifungua, wekeni nakala sehemu mbili.

Bahati yangu mafaili yalikuwa yamefichwa tu, nikayarudisha. Je, yangefutika? Babu mmoja niliyemhoji alikuwa anaumwa. Yeye hana nakala.

Naomba kutoa hoja.