Waya wa Kasisi Pope: historia ya kengele ya wezi, kabla fundi hajapiga plasta

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi, na sababu si uvivu. Mama anajenga. Baada ya miaka mingi ya kulipa kodi ameamua kuweka akiba yake kwenye ploti yake kule Kitengela, na mimi, kwa vile nilisomea kompyuta, nimefanywa msimamizi wa kila kitu chenye waya. (Katika ukoo wetu, mtu wa programu anatarajiwa pia kutengeneza redio, pasi na friji. Niliacha kubishana zamani.)

Juzi fundi akanipigia simu: "Injinia, Jumatatu ijayo tunapiga plasta. Kama kuna paipu unataka ndani ya ukuta, sema sasa." Mwenye kuwahi kujenga anajua maana ya maneno hayo. Paipu ikipita ukutani kabla ya plasta ni kazi ya nusu siku. Baada ya plasta ni patasi, vumbi na kesi na mama.

Nataka kengele ya wezi, na naitaka ya waya. Wenzangu kazini wamenicheka: siku hizi kila kitu ni hewani, wewe unarudi kwa Nuhu? Basi niwaeleze. Mwaka juzi wezi waliingia katika nyumba ya kupanga aliyokuwa akiishi mama. Alikuwa ndani, usiku, peke yake. Hawakumgusa, lakini tangu siku hiyo halali kabla ya saa nane. Mlangoni kulikuwa na sensa isiyotumia waya, niliyomnunulia mimi mwenyewe, ya bei nafuu. Betri yake ilikuwa imekufa, na sijui ilikufa miezi mingapi kabla. Haikulia, wala haikuwa imesema kwamba haiwezi kulia. Kimya cha sensa iliyokufa kilifanana kabisa na kimya cha nyumba iliyo salama.

Jambo hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma historia ya vifaa hivi, na nikagundua kwamba kosa langu lina umri wa zaidi ya miaka 150.

Turudi Boston, Marekani, mwaka 1852. Daktari mmoja, William Channing, na fundi wa umeme Moses Farmer walikuwa wametega mji ule mtandao wa telegrafu kwa ajili ya moto: visanduku mitaani, nyaya juu ya mapaa, na kituo kimoja kinachopokea ishara. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake. Jirani na Boston kuna Somerville, na huko aliishi kasisi aliyeitwa Augustus Russell Pope. Naam, kasisi. Mnamo tarehe 21 Juni 1853 alipewa hataza nambari 9,802 kwa kengele ya wezi inayotumia umeme.

Kifaa chake ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa shule anaweza kukijenga. Kila mlango na kila dirisha lina vipande viwili vya chuma visivyogusana. Mlango ukifunguliwa vinagusana, saketi inakamilika, betri inasukuma mkondo, sumaku-umeme inatetemeka na kinyundo kinagonga kengele ya shaba. Milango yote imeunganishwa sambamba, kwa hiyo mmoja ukifunguliwa unatosha. Na Pope alikuwa mjanja: aliongeza springi inayoendelea kupitisha umeme hata mwizi akishtuka na kuufunga mlango upesi. Waandishi wa programu wataitambua mara moja: tukio limeshikwa, na halifutiki mpaka mwenye nyumba alifute.

Pope alifariki mwaka 1858, na utajiri haukumpata. Mwaka mmoja kabla, 1857, mfanyabiashara Edwin Holmes alikuwa amenunua haki za uvumbuzi ule, na mwaka 1859 akahamia New York, mji uliokuwa na mali nyingi na wezi wa kutosha. Hapo kengele ya wezi ikawa biashara.

Sasa tazameni vizuri muundo wa Pope, kwa sababu tatizo limo humo. Saketi yake kwa kawaida iko wazi. Hakuna umeme unaopita mpaka mlango ufunguliwe. Je, mwizi akiukata waya mchana akijifanya fundi wa kupaka rangi? Kengele haitalia. Betri ikiisha? Haitalia. Panya akiutafuna? Vilevile. Na hakuna atakayejua, kwa maana hata siku njema haikuwa ikilia. Sensa yangu ya mwaka juzi ilikuwa mjukuu halisi wa kifaa cha 1853.

Dawa yake ni kugeuza kila kitu kichwa chini. Acha umeme uzunguke muda wote: utoke kwenye betri, upite katika kila mlango na dirisha, urudi, na ushikilie sumaku-umeme ya relei. Maadamu mkondo unapita, relei imeshikwa na kengele imenyamaza. Chochote kikiukatiza mkondo huo, iwe mlango, koleo la mwizi au jino la panya, relei inaachia na kengele inapiga kelele. Hii ndiyo saketi iliyofungwa. Kimya sasa kina maana, kwa sababu ni ujumbe unaotumwa kila nukta: niko hai, niko hai, niko hai. Sisi tunaosimamia seva tunauita mpigo wa moyo na tunadhani tuliubuni wenyewe.

Kwa nini basi Pope hakufanya hivyo? Nadhani jibu moja liko kwenye betri. Saketi iliyo wazi haili umeme mpaka siku ya tukio. Iliyofungwa inakula usiku na mchana, na betri nyingi za karne ile zilichoka haraka zikitumiwa bila kupumzika. Ile ya Leclanché ya mwaka 1866, kwa mfano, ilifaa kengele za mlangoni, zinazobonyezwa mara chache. Kwa mkondo usiokatika ilihitajika jamii ya betri ya Daniell, iliyotoka mwaka 1836, ile ya shaba na zinki ambayo laini za telegrafu za Marekani ziliitegemea. Ilikuwa mitungi ya kioo yenye maji ya dawa, na mtu wa kuitunza. Nani angeweka hiyo sebuleni? Ilikuwa rahisi zaidi kuiweka mahali pamoja mjini, chini ya uangalizi, na kuvuta waya hadi kwa kila mteja.

Ndivyo ilivyokuwa katika vituo vikuu. Mabenki na maduka ya vito yalivutiwa nyaya hadi ofisi ya Holmes, ambako mtu alikesha mbele ya vipimo. Na hapa historia inachukua kona niliyoipenda sana. Mwaka 1877 Alexander Graham Bell na wenzake walikuwa na simu, lakini hawakuwa na nyaya mjini. Holmes wa Boston alikuwa na nyaya, na mchana hazikuwa na kazi, kwani benki iliyo wazi haihitaji kengele ya wezi. Basi simu zikaunganishwa kwenye nyaya zilezile: mchana maongezi, usiku ulinzi, na ofisi ya Holmes ikawaunganisha wateja wao kwa wao. Hiyo ni kabla ya ubadilishanaji wa kwanza wa kibiashara kufunguliwa New Haven mnamo Januari 1878. Tunaposema mtandao mmoja ubebe huduma nyingi, tukumbuke kwamba simu ilianza maisha yake ya mjini kama mgeni kwenye waya wa kengele.

Wezi nao hawakulala. Aliyejua saketi iliyofungwa alijua pia kuidanganya: unganisha kipande cha waya kando ya mlango kabla ya kuufungua, na mkondo utaendelea kuzunguka kama kawaida. Jibu la mafundi lilikuwa kutoridhika na swali la "umeme upo au haupo" bali kuuliza "upo kiasi gani". Weka kizuizi cha thamani inayojulikana mwisho wa waya, pima daima, na badiliko lolote, juu au chini, liwe tukio. Hisabati yake ilikuwepo tayari: daraja la kupimia ukinzani, alilolieleza Samuel Hunter Christie mwaka 1833 na ambalo Charles Wheatstone alilipatia umaarufu mwaka 1843.

Wazo hilo limo ndani ya paneli niliyoinunua. Unaweka rezista mbili za omu 2,200 kwenye sensa, moja ikiwa mfululizo na waya na nyingine ikikingama swichi. Paneli ikisoma 2,200, mlango umefungwa. Ikisoma 4,400, umefunguliwa. Sifuri maana yake mtu ameunganisha nyaya mbili pamoja, na isipopata kitu, waya umekatwa. Habari nne kwa nyaya mbili tu! Sharti ni moja: rezista zikae kule mwisho, ndani ya sensa. Nimeona kazi ya mafundi waliozifunga ndani ya paneli yenyewe kwa sababu ni rahisi kufikia. Hapo paneli inajipima yenyewe, inafurahi, na waya wote wa ukutani hauna mlinzi.

Swichi ya mlangoni nayo ina ukoo. Ile yenye sumaku kwenye bawa la mlango na kijiti cha kioo kwenye fremu hutumia vibamba viwili vyembamba vya chuma vilivyofungiwa ndani ya kioo, vinavyogusana sumaku ikikaribia. Aliibuni Walter Ellwood katika maabara za simu za Bell mwaka 1936, kwa ajili ya mitambo ya simu. Kwa hiyo kengele iliwakopesha watu wa simu nyaya, na miaka 59 baadaye ikalipwa kwa swichi.

Limebaki swali moja ambalo umeme hauwezi kulijibu: ikilia, nani atakuja? Edward Calahan, aliyebuni mashine ya kuchapa bei za hisa mwaka 1867, alilishughulikia kwa visanduku vya kuitia msaada majumbani. Ukivuta mkono, kisanduku kinatuma namba yako kwa mapigo hadi ofisi ya mtaa, na mvulana anatumwa mbio kwako. Kutokana na kampuni za aina hiyo ilizaliwa American District Telegraph mwaka 1874, ambayo leo inajulikana kama ADT. Karibu karne moja baadaye, Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, aliyekuwa mara nyingi peke yake nyumbani usiku na aliyechoka kungoja polisi wanaochelewa, alibuni pamoja na mumewe kamera ya mlangoni yenye skrini na kitufe cha kuita msaada. Waliomba hataza mwaka 1966, wakaipata mwaka 1969. Nilipomsimulia mama habari za huyu, ndipo kwa mara ya kwanza akavutiwa na mradi wangu. "Huyo ananielewa," akasema. "Kitufe changu kiwe wapi?"

Kwa hiyo mpango ni huu. Kila dirisha na kila mlango utakuwa na kebo yake ya nyuzi sita hadi kabati la chumba cha kulala, bila kiungo chochote ukutani. Nyuzi mbili zitatumika na nne zitabaki akiba. Paipu za kengele zitapita mbali na za stima. Betri ya volti 12 itakuwa ndani ya paneli, kwani stima ya Kitengela mnaijua, na paneli italalamika betri ikidhoofika. King'ora kitakuwa chini ya paa, nacho kina betri yake, ili akikatwa waya alie kwa hasira. Kitufe cha mama ni upande wa kushoto wa kitanda. Kuhusu nani atakuja, nimeongea na majirani wawili wa karibu, na paneli itawatumia ujumbe wa simu pamoja na mimi. Mmoja ni mwalimu mstaafu, na ameomba waya uvutwe hadi kwake pia, kikengele kidogo tu jikoni. Ni mita arobaini kutoka ukuta hadi ukuta. Nimemwambia fundi aache paipu moja ya ziada inayotokea upande ule.